Chaguzi 9, Vyama 9: Kwa Nini Vyama Vyetu Havizeeki



Tuanze na hesabu ndogo ambayo kila mtu wa Juja anaweza kuifanya nyumbani kwa vidole. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi, kiti cha ubunge cha Juja kimepigiwa kura mara 9, chaguzi ndogo zikiwemo. Mwaka 1992 kilichukuliwa na FORD-Asili. Mwaka 1997 kikaenda SDP, ingawa mbunge alikuwa yule yule, Stephen Ndicho. Mwaka 2002 ikawa Sisi kwa Sisi ya William Kabogo. Mwaka 2007 PNU ya George Thuo. Mahakama ikaufuta uchaguzi huo, na mwaka 2010 Kabogo akarudi, safari hii kwa tiketi ya Narc-Kenya. Mwaka 2013 ikawa TNA na mwaka 2017 Jubilee, mara zote mbili na marehemu Francis Waititu, ambaye wengi tulimjua kama Wakapee. Mei 2021 ikawa PEP na George Koimburi. Agosti 2022 ikawa UDA, na Koimburi huyo huyo.

Chaguzi 9, vyama 9. Hakuna chama hata kimoja ambacho kimeshinda kiti hiki mara mbili. Na kumbukeni Juja hiyo ya zamani ilikuwa kubwa, ikibeba Thika mjini na Ruiru kabla ya mipaka kuchorwa upya kwa uchaguzi wa 2013, kwa hiyo habari hii si ya watu wa Kalimoni na Witeithie peke yao.

Sasa tuseme kikundi chenu cha merigoraundi kimebadilisha jina mara 9 kwa miaka 30. Afisa wa maendeleo ya jamii akija kuwatembelea atauliza nini? Hataanza na jina jipya. Atauliza daftari la wanachama la kile cha zamani liko wapi, na pesa zilizokuwa benki zilikwenda wapi. Sisi tunatumia neno moja tu, chama, kwa kikundi cha akina mama kumi na kwa kile kinachotawala nchi. Lakini ajabu ni kwamba maswali tunayomwuliza mweka hazina wetu wa shilingi 200 kila wiki, hatumwulizi kamwe mweka hazina wa chama cha siasa.

Watu wengi husema vyama vyetu hufa kwa sababu ya wivu wa wakubwa. Wengine husema ni ukabila, au ni tamaa. Yote hayo yapo, sikatai. Lakini ugomvi uko katika kila kikundi ninachokitembelea, na vingine vina miaka 20 na bado viko. Nionavyo mimi, ugomvi unakiua chama pale ambapo hakuna awezaye kujibu maswali matatu: mwanachama ni nani, viongozi walichaguliwa na nani, na pesa ziko chini ya sahihi ya nani. Hapo kila mgomvi anakuwa na haki na hakuna wa kumwambia amekosa.

Watu wa kuhifadhi

Kuna neno ambalo magazeti hulipenda, "kihafidhina". Maana yake si ngumu. Mhafidhina ni mtu wa kuhifadhi. Ana shamba, ana duka, ana hati ya ploti yake kwenye sanduku chini ya kitanda, na asingependa mtu aje kuvitikisa. Sehemu yetu hii, kutoka Ruiru na Thika kupanda hadi Murang'a na Nyeri, imekuwa na vyama vya namna hiyo kwa muda mrefu hata kama havikujiita hivyo. DP ya Mwai Kibaki, iliyoanza mwanzoni mwa 1992, ilikuwa hivyo waziwazi. FORD-Asili ilikuwa na sauti kali na vijana wengi barabarani, lakini kiongozi wake, Kenneth Matiba, alikuwa mfanyabiashara mkubwa na hakuhubiri kugawa mali ya mtu. Jubilee nayo ilikuwa ya watu wa serikali na biashara kutoka juu hadi chini.

Sioni ubaya wowote hapo. Hata mama mwenye ng'ombe mmoja ni mhafidhina wa ng'ombe wake. Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa hawa, ambao hawawezi kununua robo ekari bila kwenda kutafuta cheti cha umiliki ofisi ya ardhi, wanaingia chama cha siasa bila kuuliza kinamilikiwa na nani.

Walipogawana FORD

Wenye umri wangu na kupanda wanaikumbuka FORD. Ilianzishwa Agosti 1991 na watu 6: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Haikuwa chama wakati huo, maana sheria iliruhusu KANU peke yake. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa, na mwezi haujaisha FORD ikawa imesajiliwa. Watu walimiminika kama maji ya Chania wakati wa mvua.

Matiba alikuwa London akitibiwa. Alikuwa ametiwa kizuizini Julai 1990 pamoja na Charles Rubia, na humo kizuizini akapatwa na kiharusi. Aliporudi Mei 1992 alilakiwa na umati mkubwa, na papo hapo swali likazuka: nani atapambana na Rais Moi? Odinga au Matiba?

Hilo lilikuwa swali la kawaida, na lingejibiwa. Lililovunja FORD ni swali la pili: nani atamchagua huyo mgombea? Upande wa Odinga ulitaka wajumbe wa mkutano mkuu wapige kura. Upande wa Matiba ulitaka kila mwanachama apige kura moja kwa moja. Ukisikia juu juu utasema wa Matiba ndio waliokuwa na haki, maana wengi ni wengi. Lakini hebu fikirieni kama watu wa kikundi. Ili kila mwanachama apige kura ni lazima kwanza ujue mwanachama ni nani. Na ili wajumbe wapige kura, ni lazima ujue hao wajumbe walitumwa na nani. Harakati ambayo haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja haikuwa na daftari ambalo pande zote mbili zingeliamini. Kwa hiyo kila upande ulichagua njia ambayo ungeshinda, na kila upande ukaiita njia yake demokrasia.

Mzee Muliro, aliyeheshimiwa pande zote, alifariki Agosti 1992. Watu wakaanza kujitambulisha kwa majumba ya Nairobi: huyu ni wa Agip House, yule ni wa Muthithi House. Kufika Oktoba kulikuwa na vyama viwili vilivyosajiliwa, FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba na Shikuku.

Uchaguzi ulikuwa Desemba 29, 1992. Moi alipata kura kama milioni 1.96. Matiba alipata milioni 1.4, Kibaki milioni 1.05 na Odinga 944,000 hivi. Jumlisheni hao watatu: karibu milioni 3.4. KANU ikapata viti 100 kati ya 188 na kuendelea kutawala.

Hadithi hii mmeisikia mara nyingi, na kwa kawaida inakomea hapo, kwenye kura zilizogawanyika. Lakini ya Juja ndiyo inaanza. FORD-Asili haikutoka mikono mitupu. Ilipata wabunge 31, wengi wao kutoka Kiambu, Murang'a na Nairobi, na Ndicho wetu alikuwa mmoja wao. Chama chenye wabunge 31 kingeweza kukaa chini, kiandikishe watu, kifanye uchaguzi wa matawi, kijiandae kwa 1997. Badala yake mwenyekiti Matiba na katibu mkuu Shikuku walivutana mwaka baada ya mwaka. Ilipofika 1997 Matiba alikataa kushiriki uchaguzi kabisa, na Shikuku akagombea urais kwa jina la FORD-Asili. Wabunge wakatawanyika kila mtu na njia yake. Chama kilichokuwa na wabunge 31 kilirudi bungeni na mbunge mmoja. Mmoja tu!

Mwaka 1988 Matiba huyu alikuwa waziri serikalini, na aliacha uwaziri kwa hiari yake akilalamika kwamba uchaguzi wa KANU huko Murang'a ulivurugwa. Huo ndio uliokuwa mwaka wa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya picha za wagombea, na foleni fupi ikitangazwa mshindi. Mtu aliyejitolea kupoteza kazi kwa sababu chama hakikuhesabu watu sawasawa alikuja kuongoza chama ambacho nacho hakikuhesabu watu. Sisemi hayo kumdharau. Aliumia mwilini kwa ajili ya nchi hii hadi alipofariki mwaka 2018. Nasema tu kwamba ujasiri wa kiongozi hauwezi kufanya kazi ya daftari.

Baada ya hapo nitapita haraka. DP ilidumu kidogo, ikapata viti 39 mwaka 1997, kisha Kibaki akaingia NARC na kushinda Desemba 2002. NARC ikagombana juu ya makubaliano ambayo wananchi wengi hawakuwahi kuyaona yakisomwa hadharani, na kufika kura ya maoni ya Novemba 2005 ilikuwa imepasuka vipande viwili. Mwaka 2007 Rais wa nchi aligombea kwa PNU, chama kilichoundwa Septemba kwa uchaguzi wa Desemba. Miezi mitatu. Kikundi cha kufuga kuku hakisajiliwi na kuanza kuuza mayai kwa miezi mitatu.

Nyumba kubwa ya Kasarani

Jubilee ilikuwa iwe tofauti, na tuliambiwa hivyo. Septemba 2016, vyama zaidi ya kumi vilivunjwa huko Kasarani na kuunganishwa kuwa kimoja. TNA ya Uhuru Kenyatta na URP ya William Ruto zikafa siku hiyo. Nia ilikuwa njema kwa maneno: chama kimoja kikubwa, chenye ofisi nzuri Pangani kwenye barabara yetu ya Thika, ambacho kingekaa miaka na miaka kuliko watu waliokiunda.

Dalili ya kwanza tuliiona Aprili 2017, kura za mchujo. Siku ya kwanza, Aprili 21, karatasi zilipungua, vituo vingine havikufunguliwa, watu wakazua fujo, na chama kikalazimika kufuta zoezi la siku hiyo na kulipanga upya. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba watu waliojitokeza walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Someni sentensi hiyo tena polepole. Chama hakikujua kina watu wangapi. Ni sawa na mwenyekiti kupika chakula cha watu 30 kwenye mkutano wa mwaka halafu wanakuja 90, na wote wanasema ni wanachama, na hakuna wa kuwakanusha.

Hata hivyo tiketi ilikuwa kila kitu. Katika Kiambu aliyeshinda mchujo wa Jubilee alikuwa kama ameshashinda kiti. Ferdinand Waititu alimshinda Gavana Kabogo kwenye mchujo huo, na Agosti akawa gavana. Januari 2020 Seneti ilimwondoa madarakani kwa tuhuma za matumizi mabaya ya pesa za kaunti. Tunalaumu wapiga kura kwa kuchagua vibaya, lakini mlango wenyewe ulikuwa umeshafungwa Aprili, kwenye mchujo ambao hata hesabu ya watu wake ilikuwa ya kubahatisha.

Kisha ikaja Machi 9, 2018, Uhuru na Raila Odinga wakasalimiana kwenye ngazi za Harambee House. Mimi nilifurahi siku ile, maana tulikuwa tumezika watu. Amani ni kitu kikubwa. Lakini tukirudi kwenye mambo ya chama, uamuzi wa kubadilisha mwelekeo wote wa chama tawala haukupitia mkutano wowote wa wajumbe. Wanachama waliuona kwenye televisheni kama watu wengine. Tangu hapo kukawa na Tangatanga upande wa Ruto na Kieleweke upande wa Rais, na majina hayo yakaingia hadi kwenye harusi na matanga yetu.

Uchaguzi wa mashinani wa Jubilee uliahidiwa, ukaahirishwa, ukaahidiwa tena. Viongozi waliowekwa kwa muda waliendelea kuwa wa muda. Aprili 2020 majina mapya ya kamati ya usimamizi yakapelekwa kwa Msajili wa Vyama, na naibu kiongozi wa chama mwenyewe, Ruto, akaandika barua kupinga akisema hakushauriwa. Mwezi uliofuata ikaanza fagio: Kipchumba Murkomen akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi katika Seneti, Kithure Kindiki akaondolewa kuwa naibu spika, na Juni Aden Duale akaondolewa kuwa kiongozi wa wengi katika Bunge la Taifa. Februari 2021 chama kikawafukuza maseneta wateule kadhaa, mmoja wao Isaac Mwaura, ambaye watu wa Ruiru wanamfahamu.

Waliofukuzwa walisema ni kulipiza kisasi. Waliofukuza walisema ni nidhamu. Inawezekana pande zote zilikuwa na sehemu ya ukweli. Chama kina haki ya kumrudi mwanachama asiyetii, kama nyinyi mnavyomtoza faini anayechelewa mkutanoni. Lakini faini yenu iko kwenye katiba ya kikundi na anayetoza mlimchagua kwa mikono yenu. Nidhamu inayotolewa na mtu ambaye hakuchaguliwa na wanachama haitofautiki na kisasi, hata kama ni ya haki.

Ndipo Juja ikaitwa kutoa ushahidi. Wakapee alifariki Februari 2021, na uchaguzi mdogo ukawa Mei 18. Jubilee ilimsimamisha mjane wake, Susan. Ilikuwa na Rais, mawaziri, gavana, na kila gari lenye bendera. Koimburi wa PEP, chama ambacho wengi walikuwa hata hawajui alama yake, alipata kura 12,159. Jubilee ilipata 5,746. Katika eneo lenye wapiga kura walioandikishwa zaidi ya laki moja, wawili hao kwa pamoja hawakufikisha kura 18,000. Miezi miwili baadaye, Julai 15, Jubilee ikapoteza Kiambaa kwa UDA kwa kura 510, nyumbani kabisa.

Watu waliandika wakati huo kwamba mlima umeasi. Mimi nilitazama zaidi wale ambao hawakwenda kupiga kura. Hawakuasi chochote. Walikuwa wamechoka na nyumba isiyo yao.

Baada ya uchaguzi wa 2022 ningedhani ugomvi umekwisha, maana Jubilee haikuwa tena na serikali. Kumbe ndio ulianza upya. Februari 2023 kundi la wabunge lilimtangaza Kanini Kega kuwa kaimu katibu mkuu badala ya Jeremiah Kioni. Kioni akakataa. Aprili mwaka huo walifikia hata kugombania mlango wa ofisi ya chama Kileleshwa, na Mei Uhuru akaitisha mkutano wa wajumbe wake. Chama kimoja, makatibu wakuu wawili, na mabishano yakaingia mbele ya Msajili na mahakamani.

Kwa nini wagombanie nyumba iliyobomoka? Hapa inabidi tuzungumze juu ya pesa.

Pesa hizo ni zenu

Wengi katika vikundi hawajui kwamba vyama vya siasa vinapewa pesa za umma. Katiba ya 2010 inatambua Hazina ya Vyama vya Siasa, na sheria ya mwaka 2011 inasema hazina hiyo ipate si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Serikali imekuwa ikitoa chini ya hapo, na vyama vimewahi kwenda kortini kudai. Hata kile kinachotolewa ni mamilioni mengi. Hugawiwa zaidi kwa kuangalia kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi uliopita, na kati ya 2017 na 2022 sehemu kubwa ilikwenda kwa Jubilee na ODM.

Maana yake ni hii: kura iliyopigwa Gachororo Agosti 2017 iliendelea kuingizia chama pesa miaka mitano, hata baada ya aliyeipiga kukihama moyoni. Jina la chama, basi, si jina tu. Linavuta mgao, linateua watu wa viti maalum, na linaandika barua kwa Msajili. Anayekuwa katibu mkuu anashika hayo yote. Ndiyo sababu watu wazima walivutana mlangoni.

Sheria imejaribu kuweka masharti. Pesa hizo hazitakiwi kulipa wanachama ovyo ovyo. Si chini ya asilimia 30 inatakiwa iende kusaidia wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makabila madogo kuingia katika uongozi. Ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kuisha, chama kinatakiwa kutangaza pesa zake zimetoka wapi, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa serikali. Chama kinatakiwa pia kuweka daftari la wanachama, katiba yake na hesabu zake katika ofisi kuu na ofisi za kaunti, na mwanachama ana haki ya kuomba kuviona.

Ni sheria nzuri. Sasa niambieni, kati yenu nani amewahi kumwona mtu akiingia ofisi ya chama Thika au Kiambu na kusema, "Naomba kuona hesabu"? Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo kisheria, lakini msomaji hayupo, na viongozi wanajua hayupo.

Na mambo hayajaisha. UDA iliyoibomoa Jubilee iliona yake Oktoba 2024, pale Naibu Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa na Bunge na kisha Seneti, na Kindiki, yule aliyefagiliwa 2020, akachukua nafasi hiyo. Mei 2025 Gachagua akazindua chama kipya, DCP. Kwa hiyo uchaguzi wa 2027 unaweza kutuletea Juja chama cha kumi.

Orodha ya kikundi chenu

Haya yote yanawahusu vipi nyinyi mnaoweka akiba, mnaofuga na kushona? Yanawahusu kwa mlango ambao hamuulindi.

Juni 2021 Ofisi ya Msajili iliwezesha wananchi kujiangalia kupitia eCitizen kama wameandikishwa katika chama chochote. Wakenya wengi walishtuka kukuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kuviingia, vingine hata hawajawahi kuvisikia. Sheria inataka chama kipya kionyeshe kina wanachama angalau 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti, na mtu haruhusiwi kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Mwenye haraka ya kujaza idadi hiyo anatafuta nini? Anatafuta majina, nambari za kitambulisho na sahihi. Na orodha safi zaidi ya vitu hivyo, iliyoandikwa vizuri na katibu mwenye mwandiko mzuri, iko wapi? Iko kwenye vikundi vyetu.

Mnajua jinsi wanavyokuja. Hema na viti 50, au tangi la maji, au bahasha "ya kuongezea mzunguko". Halafu msaidizi wake, kijana mpole, anasema, "Mama, nipatie tu ile orodha ya wanachama na nambari za ID, tuone vile mheshimiwa atawasaidia." Mwenyekiti anatoa. Hakuna kumbukumbu iliyoandikwa, hakuna kura iliyopigwa, na wale waliokuwa shambani siku hiyo hawataambiwa.

Nakijua kikundi kimoja, sitakitaja, ambacho mwaka 2021 kiligawanyika kwa sababu ya elfu 20 za namna hiyo. Pesa zenyewe hazikuibwa. Mweka hazina alizigawa sawa kwa waliokuwepo, akidhani ni haki. Wasiokuwepo walisikia baadaye kwamba kikundi kimekuwa cha Tangatanga, na wao walikuwa Kieleweke. Miaka 11 ya akiba ikagawanywa chini ya mwembe kwa siku moja. Hakukuwa na kitabu cha kuonyesha pesa ziliingia kama mchango wa kikundi au kama zawadi ya watu, na hilo tu ndilo lililokuwa likiulizwa.

Kwa hiyo, kama bado hamjafanya, wekeni ajenda hii kwenye mkutano ujao: orodha ya kikundi ni ya nani na inaweza kutolewa kwa nani. Andikeni uamuzi kwenye kitabu cha kumbukumbu na wote watie sahihi. Wala hamfanyi uadui na mwanasiasa. Akija na zawadi ipokeeni mbele ya mkutano, katibu aandike jina, tarehe na kiasi, na risiti itolewe hata kama ni shilingi 500. Atakayekataa kuandikwa mtajua alichokuja nacho. Akitaka orodha, mwambieni kila mtu ana kitambulisho chake na akili yake, na anayetaka kuingia chama ataingia mwenyewe.

Kisha kila mmoja ajiangalie kwenye eCitizen. Vijana wa cyber pale Juja mjini watawasaidia, na si kazi ya zaidi ya dakika chache. Ukijikuta katika chama usichokijua, au chama ulichokiacha zamani, kujiondoa ni haki yako na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Andika barua fupi kwa chama: jina lako, nambari ya kitambulisho, na kwamba umejiuzulu kuanzia leo. Kujiuzulu kunaanza siku barua inapopokewa. Piga nakala mbili, peleka moja kwa Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa, na ile nyingine igongwe muhuri wa mapokezi, urudi nayo nyumbani.